Kwa Nini Haitikii? Maswali ya Wazazi Kuhusu Usonji na Msaada wa Mapema

Masaka, upande wa mashariki wa Kigali, mtoto hupimwa adabu kwa salamu. Mzee anapita, anasema "Waramutse", na mtoto wa miaka mitatu anatarajiwa ageuke, anyooshe mkono, ajibu. Asipojibu, mama huona haya, na mzee huenda zake akinung'unika kwamba watoto wa siku hizi hawafundwi. Mara nyingi hakuna la ajabu. Mtoto amenogewa na mchezo tu. Lakini wapo wachache ambao salamu inawashinda kwa sababu nyingine. Sauti wameisikia, ila hawajui waingie lini, na wakija kuikamata zamu yao, mzee ameshafika kona.

Kuhusu watoto hao, muda una maana mara mbili. Kuna sekunde chache kati ya salamu na jibu lake, na kuna miaka michache ya mwanzo ambayo wazazi huambiwa wangoje, "atasema tu". Sekunde hizo mtoto anahitaji aongezewe. Miaka hiyo hapaswi kungojeshwa.

Usonji ni nini hasa?

Ni tofauti katika namna ubongo unavyokua, na huanza mapema, kwa wengi tangu tumboni. Hujionyesha katika mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni taabu katika mawasiliano na watu: kutazamana, kuonyesha kwa kidole, kuitikia jina, kupokezana sauti na maneno. La pili ni kushikilia vitu au desturi fulani kupita kiasi, au hisia zilizo kali mno au hafifu mno: mtoto hupanga vifuniko vya chupa mstari mmoja kwa saa nzima, hupungapunga mikono, hulia njia ya kwenda sokoni ikibadilishwa, huziba masikio pikipiki ikipita. Watoto hawa hawafanani. Mmoja hana hata neno moja. Mwingine anakariri namba za malori yote ya maziwa yanayotoka kiwanda cha Inyange pale Masaka, lakini hawezi kukuambia tumbo linamuuma.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Si jambo geni, wala si la Wazungu kama ilivyosemwa kwa muda mrefu kwa sababu Leo Kanner, aliyeandika habari za watoto 11 mwaka 1943, alikuwa Baltimore, Marekani. Mwaka 1978 Victor Lotter alichapisha uchunguzi wake katika miji kadhaa ya Afrika, Kenya ikiwemo, na watoto aliwakuta. Mwaka 2014 Angelina Kakooza-Mwesige na wenzake walichapisha dodoso la maswali 23 lililotengenezwa ili kuwatambua watoto kama hawa katika mazingira ya Uganda. Watoto walikuwepo siku zote. Waliitwa mabubu, wakaidi, au waliorogwa.

Zamu na usonji vinahusianaje?

Mazungumzo ya kawaida huenda mbio kuliko tunavyodhani. Mwaka 2009 Tanya Stivers na wenzake walichapisha vipimo vya lugha kumi za mabara mbalimbali, wakaona kwamba kati ya mwisho wa swali na mwanzo wa jibu hupita, kwa wastani, karibu moja ya tano ya sekunde. Lugha zilitofautiana kidogo tu. Maana yake, anayejibu huwa ameshaanza kuliandaa jibu kabla mwenzake hajamaliza. Sasa mfikirie mtoto ambaye ubongo wake unasubiri swali liishe, ndipo uanze kulipanga. Sekunde tano baadaye jibu lipo tayari, lakini aliyeuliza amekwishauliza jingine, amepaza sauti, au amekata tamaa na kumjibia.

Zamu hizi hazianzi na maneno. Mtoto mchanga wa miezi miwili akisema "aa", mama huitikia "aa kweli?", kisha hunyamaza, na mtoto hurudisha. Mwaka 1985 Lynne Murray na Colwyn Trevarthen walieleza jaribio ambalo mama na mtoto wa umri huo waliwekwa vyumba tofauti, wakaonana kwa televisheni. Mambo yalienda vizuri. Kisha mtoto akaonyeshwa picha ya mama iliyorekodiwa dakika chache nyuma: tabasamu lilelile, sauti ileile ya upole, ila haikumjibu yeye. Watoto walitatizika, wakageuza nyuso. Wengine waliorudia jaribio hilo baadaye hawakupata matokeo sawa kila mara, lakini wazo kuu limesimama: uso wa upendo peke yake hautoshi. Mtoto anataka uso unaojibu alichokifanya yeye, na ujibu kwa wakati wake. (Ukitafuta tofauti kati yako na katuni za kwenye simu, ni hiyo. Katuni haimngoji mtu.)

Kwa mtoto mwenye usonji mfumo huu unakwenda kwa namna nyingine tangu mapema. Ami Klin na wenzake, mwaka 2009, waliwaonyesha watoto wa miaka miwili nukta za mwanga zilizofuata mwendo wa mtu. Watoto wengi huvutwa na mwendo wa binadamu hata ukiwa nukta tupu. Wale wenye usonji hawakuvutwa hivyo; waliangalia pale sauti na mwendo vilipogongana papo hapo, kama viganja vinapokutana katika kupiga makofi. Naupenda utafiti huo kwa sababu unatuonyesha mlango. Mtoto asiyeutazama uso wako anaweza kuitazama mikono yako ikipiga makofi, na mchezo wa makofi ni mchezo wa zamu.

Wanyarwanda wana zamu nzuri ya kale. Msimuliaji anasema "Sakwe sakwe!", watoto wanajibu "Soma!", ndipo kitendawili kinakuja, sawa na "Kitendawili!" na "Tega!" ya Waswahili. Mtoto mwenye usonji huweza kuipata zamu hiyo kabla hajapata mazungumzo ya kawaida, kwa sababu haibadiliki. Anajua nini kinakuja na yeye aingie wapi.

Kuna jambo ambalo wataalamu wamelichelewa. Zamu ni ya watu wawili, kwa hiyo ikiharibika si haki kumlaumu mmoja. Catherine Crompton na wenzake, mwaka 2020, waliwapa watu wazima hadithi waipitishe mmoja kwa mwingine. Kundi la wenye usonji pekee liliifikisha hadithi vizuri sawa na kundi la wasio na usonji. Hadithi ilipungukiwa zaidi pale walipochanganywa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya msaada wa mapema huanza kwa kumfundisha mtu mzima.

Nianze kuwa na wasiwasi lini?

Rwanda mtoto hupata chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi 9 na tena miezi 15. Zitumie siku hizo mbili kama siku za ukaguzi wako mwenyewe, maana kadi ipo mkononi na muuguzi yupo mbele yako.

Akiwa na miezi 9, je, anageuka akiitwa jina? Anacheka na wewe, anarudisha sauti ukimpa sauti? Akiwa na mwaka mmoja, anapunga mkono, ananyoosha mikono abebwe? Akiwa na miezi 15, akiona kitu kizuri anakuletea au anakuangalia kuona kama nawe umekiona? Akiwa na mwaka mmoja na nusu, anaonyesha kwa kidole, na si kuomba tu bali pia kukuonyesha ndege anayeruka? Hili la mwisho nalipa uzito kuliko maneno. Wapo watoto wanaochelewa kusema lakini wanaongea kwa vidole, macho na nyuso mchana kutwa. Hao kwa kawaida si wa kutia hofu. Mtoto asiyesema na asiyeonyesha chochote kwa ishara ni habari nyingine. Anayekushika kifundo cha mkono na kuupeleka kwenye kopo la maji, kana kwamba mkono huo hauna mwenyewe, naye apelekwe akaangaliwe.

Na mtoto wa umri wowote aliyekuwa na maneno au michezo kisha akaipoteza asingoje hata wiki. Ikiwa kupoteza huko kumeandamana na degedege, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Wasichana hukosewa zaidi. Wavulana wanaotambuliwa ni kama watatu kwa msichana mmoja, na sehemu ya pengo hilo inatokana na sisi: msichana mkimya anayekaa pembeni husifiwa kwa utulivu.

Bibi yake anasema baba yake pia alisema akiwa na miaka minne. Tungoje?

Msingoje, wala msigombane na bibi. Huenda ana haki kuhusu baba. Lakini hakuna ajuaye leo mtoto yupi ataamka na maneno na yupi hataamka nayo, na msaada wenyewe hauna sumu. Ukicheza na mtoto kwa zamu kwa miezi sita, kisha ikaonekana hana usonji, umepoteza nini? Ukingoja miezi hiyo na ikaonekana anao, umepoteza miezi ambayo ubongo wake ulikuwa mwepesi kujifunza.

Msaada hauhitaji cheti cha daktari ili uanze. Jina la hali ya mtoto linaweza kuja baadaye. Zamu zianze jioni hii.

Tumekosea wapi?

Hakuna mlipokosea. Miaka ya 1950 na 1960 wataalamu wa Ulaya na Marekani, Bruno Bettelheim akiwa maarufu kati yao, waliwalaumu akina mama kwamba ubaridi wao ndio uliowafunga watoto. Nadharia hiyo ilikufa, baada ya kuumiza wanawake wengi. Mchango mkubwa ni wa urithi, jeni nyingi zikishirikiana. Kuzaliwa kabla ya wakati kunaongeza uwezekano. Malaria kali ya kichwa nayo huweza kuacha majeraha ya ubongo yenye dalili zinazofanana na hizi, hivyo daktari akuulize historia ya homa na degedege, na asipouliza mwambie.

Chanjo hazisababishi usonji. Makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998 katika jarida la Lancet ndiyo iliyoeneza hofu hiyo. Mwaka 2010 jarida liliiondoa rasmi na yeye akafutiwa leseni ya udaktari Uingereza. Uvumi unaishi kwa sababu chanjo ya surua hutolewa katika umri uleule ambao dalili huanza kuonekana. Kukutana kwa tarehe kunadanganya watu wengi wenye akili.

Simu na televisheni hazileti usonji pia, ila zinakula muda wa zamu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2019, lilishauri mtoto wa mwaka mmoja kurudi chini asikae kabisa mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Najua mama anayepika peke yake huku amebeba mwingine mgongoni hatausoma ushauri huo bila kucheka. Basi angalau tuanze na saa moja kabla ya kulala.

Nyumbani tunasema Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa. Tumemchanganya?

Hamjamchanganya. Tafiti zilizolinganisha watoto wenye usonji wa lugha moja na wa lugha mbili hazijaona kwamba lugha ya pili huwarudisha nyuma. Hata hivyo wazazi bado huambiwa wachague lugha moja, na kwa kawaida ni ile ya shule. Ushauri huo una madhara yake. Mama anayelazimika kumbembeleza mwanawe kwa Kiingereza cha kukopa hunyamaza zaidi, huchelewa kujibu, na utani humkauka. Bibi anabaki nje kabisa. Ongea na mtoto kwa lugha ambayo unaweza kutania nayo bila kufikiri. Ikiwa ni Kiswahili, ambacho Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, ni sawa. Ikiwa ni ibihozo, zile nyimbo za kubembeleza za Kinyarwanda ulizoimbiwa nawe, ni sawa vilevile.

Msaada wa mapema unafanya nini, na kuna ushahidi?

Kuna ushahidi, na una mipaka yake. Mwaka 2010 Geraldine Dawson na Sally Rogers walichapisha jaribio la watoto 48 wa miezi 18 hadi 30 katika jimbo la Washington, Marekani. Waliopata mafunzo ya mchezo yaliyolengwa kufika saa 20 kwa wiki, kwa miaka miwili, walipiga hatua kubwa zaidi katika lugha na kufikiri kuliko wenzao. Jaribio kubwa zaidi lililofuata, la mwaka 2019, lilipata faida ndogo zaidi. Saa 20 kwa wiki na mtaalamu anayelipwa! Hata Kigali ya wenye nacho ni wachache wanaoziweza.

Linaloihusu Masaka zaidi lilianzia Uingereza. Jonathan Green na wenzake waliwachukua watoto 152 wenye usonji, na badala ya kumfunza mtoto, walikaa na mzazi. Walimrekodi akicheza na mwanawe, wakaitazama video pamoja naye, wakamwonyesha pale ambapo mtoto alitoa ishara na yeye akapitwa, na pale alipojibu kwa wakati. Matokeo ya kwanza, mwaka 2010, yalikuwa ya kukatisha tamaa kidogo: majibu ya wazazi yaliboreka sana, watoto wakaanzisha mawasiliano zaidi, lakini dalili zenyewe hazikupungua kwa kiasi cha kutangaza. Walipowafuata tena, matokeo ya mwaka 2016 yalionyesha dalili zimepungua ukali kwa watoto hao miaka kadhaa baada ya mafunzo kwisha. Ni kama shamba la kahawa, hulivuni msimu uleule unapolipanda.

Njia hiyo ilipelekwa Goa, India, na Rawalpindi, Pakistani. Safari hii aliyekaa na mzazi hakuwa mtaalamu. Alikuwa mhudumu wa afya wa kawaida aliyefundishwa, na vikao vilikuwa 12. Katika watoto 65 waliohusika, waliopata msaada walianzisha mawasiliano zaidi na wazazi wao waliwajibu kwa wakati zaidi. Muda wa kuangalia kitu kimoja pamoja ulipungua, na watafiti walilisema hilo wazi mwaka 2016.

Ukiniuliza, hapo ndipo Rwanda ingepaswa kutazama. Nchi hii tayari ina washauri wa afya wa kijiji, abajyanama b'ubuzima, zaidi ya 50,000. Ina Inshuti z'Umuryango, wajitolea wawili kila mudugudu (kijiji), mwanamume na mwanamke. Mpango wa Sugira Muryango, uliofanyiwa majaribio Ngoma, Nyanza na Rubavu, ulituma watu wasio wataalamu wawatembelee wazazi wa watoto wadogo majumbani na kuwafundisha mchezo na kuitikiana. Vipigo vilipungua na michezo ikaongezeka. Haukutengenezwa kwa ajili ya usonji. Lakini mtu ambaye tayari anaketi kwenye mkeka wa familia na kumwonyesha baba namna ya kucheza na mwanawe amebakiza mafunzo machache tu. Shirika la Afya Duniani nalo lina kozi ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 waliochelewa kimakuzi, vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, na imejaribiwa Ethiopia na Kenya.

Kuna habari ya Australia inayopenda kuvumishwa. Mwaka 2021 Andrew Whitehouse na wenzake walitoa msaada kama huo kwa watoto wa karibu mwaka mmoja waliokuwa na dalili za awali, kabla ya jina lolote kutajwa. Walipofika miaka mitatu, waliotimiza vigezo vya usonji walikuwa kama 7 katika 100, na kwa waliopata huduma za kawaida kama 21 katika 100. Mtu asikuambie kwamba usonji "ulizuiwa". Watoto walikuwa wachache, na tofauti zao hazikufutika. Ugumu ndio uliopungua.

Muziki je? Mwaka 2017 matokeo ya jaribio la tiba ya muziki kwa watoto 364 katika nchi tisa yalionyesha haikupunguza ukali wa dalili kuliko huduma za kawaida. Imbeni kwa sababu wimbo una zamu na una furaha. Mtu akikuuzia wimbo kama dawa, mkatalie.

Nifanye nini leo jioni?

Chagua shughuli moja ambayo ipo kila siku: kuoga, uji, kubadilisha nguo. Zima redio. Shuka chini, uso wako uwe usawa wa uso wake, mbele yake, si mgongoni.

Anza kwa kumfuata. Akigonga kijiko kwenye sahani, chukua kijiko chako ugonge vilevile, kisha nyamaza. Akikutazama hata sekunde moja, hiyo ni zamu yake ameitoa, gonga tena. Wazazi wengi huona haya kuiga "mambo ya ajabu" ya mtoto. Iga. Kwa mara ya kwanza labda, kuna mtu amejibu jambo alilolianzisha yeye.

Kisha ngoja. Hapa ndipo pagumu. Sema neno moja au mawili, "Maji?", halafu hesabu kimoyomoyo hadi kumi, uso ukiwa mchangamfu, bila kurudia swali. Kumi ni nyingi kuliko unavyofikiri. Wengi hufika tatu tu. Ukirudia kabla hajamaliza kupanga jibu, umemrudisha mwanzo. Akinyoosha mkono, akitoa sauti, akikutupia jicho, pokea kama neno kamili: "Maji! Haya, maji."

Mkishapata mchezo anaoupenda, kumrusha juu, kujificha nyuma ya kitenge, makofi, urudie vilevile siku kadhaa hadi aujue. Ndipo siku moja usimame katikati. "Moja, mbili..." na unyamaze. Mwili wake ukijikaza kungoja "tatu", amekwisha kuingia kwenye zamu. Siku nyingine ataisema, au ataisukuma mikono yako. Yote ni majibu.

Dakika kumi au kumi na tano, mara kadhaa kwa siku, zinafaa kuliko saa nzima ya Jumapili. Kaka na dada wafundishwe pia. Mara nyingi wana subira kuliko sisi.

Usimshike kidevu umlazimishe kukutazama, wala usimnyime chakula hadi aseme. Kumngoja kidogo kabla ya kipande cha pili cha ndizi ni mchezo, kumwacha na njaa ni ukatili. Na salamu ya wageni? Mwambie mgeni mapema: "Msalimie, halafu mpe muda." Mtoto akigusa tu kiganja, amesalimia.

Nianzie wapi hapa Masaka?

Anza na mshauri wa afya wa mudugudu wako, halafu kituo cha afya. Ukiwa na mituweli, bima ya afya ya jamii, usiruke ngazi, kwa sababu bila barua ya rufaa gharama itakuangukia mwenyewe. Kutoka kituo cha afya utatumwa Hospitali ya Masaka. Hospitali za wilaya za Rwanda zina kitengo cha afya ya akili. Omba mambo mawili waziwazi: masikio ya mtoto yapimwe, kwa sababu asiyesikia naye haitikii jina, na makuzi yake yote yaangaliwe, si usemaji tu. Kutoka hapo rufaa huweza kwenda CHUK, hospitali kuu ya chuo kikuu ambayo serikali iliamua kuijengea makao mapya hapohapo Masaka, au Hospitali ya Ndera, iliyoanzishwa 1968 na Mabruda wa Upendo. Kwa upande wa vituo vya watu binafsi, Kigali ina Autisme Rwanda, kilichoanzishwa mwaka 2014 na Rosine Duquesne Kamagaju.

Wataalamu wa tiba ya matamshi na mawasiliano ni wachache mno nchini, na foleni ni ndefu. Nenda na video. Mrekodi mtoto kwa simu akicheza peke yake, akiitwa jina, akila pamoja na wenzake, dakika mbili mbili. Chumba cha daktari kinamgeuza mtoto yeyote kuwa mtu mwingine, na video hukuokoa na maelezo marefu.

Mkutano wa jioni wa familia, umugoroba w'imiryango, nao ni mahali pa kusema. Mama mmoja akilitaja jambo hili mbele ya wenzake, mara nyingi kuna mwingine katika mtaa huohuo anayemficha wake nyuma ya pazia.

Ana miaka sita. Tumechelewa?

Mapema ni bora, lakini baadaye si bure. Kozi ya Shirika la Afya Duniani niliyoitaja inafika hadi miaka tisa. Mtoto wa miaka sita asiye na maneno anaweza kujifunza kuonyesha picha, ishara za mikono, au kugusa alama kwenye simu. Zana hizi hazimfanyi awe mvivu wa kusema. Mara nyingi humsaidia. Zamu ni zilezile, ila sasa mwalimu wake wa shule naye anatakiwa ajue kungoja.

Atapona?

Usonji si ugonjwa wa kupona. Hakuna sindano, dawa ya mitishamba, chakula maalumu wala maombi ya kulipia yanayouondoa, na dawa za kusafisha damu au za klorini zinazouzwa mitandaoni zimedhuru watoto. Ombea mtoto wako kama unavyowaombea wengine, bila malipo, na huku zamu zinaendelea. Wengi hujifunza kusema, baadhi huishi kwa kujitegemea, baadhi watahitaji msaada maisha yote. Kifafa, usingizi mbaya na matatizo ya tumbo vinavyoandamana na usonji vina tiba, na mtoto anayelala vizuri hujifunza vizuri.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, chanjo ya miezi 9 au 15 ikikaribia, usiende na kadi tu. Mwambie muuguzi kwa kinywa chako kama mtoto anaitikia jina, anaonyesha kwa kidole, anarudisha sauti. Usimngoje akuulize, ana foleni ya akina mama nyuma yako. Akikuambia "atasema tu", omba aandike kwenye kadi kwamba umeuliza, na urudi baada ya mwezi mmoja.